Nani Alipe Dawa ya Kupe?

Ukipita katika vijiji vyetu vingi utaona josho la ng'ombe lisilo na maji. Kuta za saruji bado zimesimama, na ngazi za kupandia ng'ombe bado ziko, lakini ndani mmeota majani, na pengine mti wa mpera. Ukiwauliza wenyeji lilikufaje, watakujibu kwa neno moja: "Watu hawakutaka kulipa." Jibu hilo nimelisikia mara nyingi, tena kutoka kwa watu wenye akili zao, na leo nataka kulipinga. Si uwongo, kwa maana ni kweli watu hawakulipa. Lakini halituelezi ni watu gani walioacha kulipa kwanza, wala kwa nini wengine wakawafuata.

Josho ni kitu cha ushirika kuliko vitu vingi tulivyo navyo. Kisima mtu aweza kuchimba chake, na ghala mtu aweza kujenga lake, lakini tangi la lita elfu kumi na zaidi halijazwi na mtu mmoja mwenye ng'ombe wawili. Katika miaka ya 1970 Serikali ilichukua kazi ya kuendesha majosho, ikaleta dawa na kuwalipa watunzaji. Kufikia miaka ya 1990 mzigo huo ulirudishwa kwa wananchi: wachague kamati, watoze ada, wanunue dawa wenyewe. Mahali pengine kamati hizo zinafanya kazi nzuri mpaka leo. Mahali pengi zilikufa.

Kazi yangu ni ya kalamu, na madaftari ya namna hiyo hupita mezani pangu. Kabla ya kukaa ofisini nilisomea ualimu, basi mnivumilie nikiandika hesabu ubaoni.

Tuseme josho letu huogesha ng'ombe 400 kila juma, na ada ni shilingi 20 kwa kila ng'ombe. Hizo ni shilingi 8,000. Dawa ya kuongeza, maji na mshahara wa mtunza josho ni shilingi 7,000. Zinabaki 1,000 za kuziba ufa na kununua mbao za boma. Hesabu imesimama. Sasa jamaa 20 wenye ng'ombe wa gredi, kila mmoja ana wanane, wanaona kwamba mstari ni mrefu, vumbi ni jingi, na ng'ombe wao wa thamani wanagongana na ng'ombe wa watu. Kila mmoja ananunua bomba la mgongoni na kunyunyiza dawa kwake nyumbani. Ng'ombe 160 wameondoka, wamebaki 240, ambao ni mali ya watu 120 wenye wawili wawili. Makusanyo sasa ni shilingi 4,800. Na gharama je? Mtunza josho ni yule yule, maji ni yale yale, na dawa imepungua kidogo tu, kwa sababu tangi ni lazima lijae hata kama ng'ombe ni mmoja. Tuseme gharama imeshuka mpaka 6,000. Basi kila juma kamati inapungukiwa shilingi 1,200.

Kamati itafanya nini? Itapandisha ada mpaka shilingi 25. Ndipo yule mwenye ng'ombe wawili na karo ya watoto atakapoanza kuleta ng'ombe mmoja juma hili na mwingine juma lijalo, au kuleta wote wawili baada ya majuma matatu. Na kupe hangoji. Kupe wa masikio, yule mwenye rangi ya hudhurungi aletaye ndigana kali, akishika ng'ombe huhitaji siku chache tu kabla ya kumtia ugonjwa, na hii ndiyo sababu tunaambiwa kuogesha kila juma.

Hapo sasa ndipo uwongo unapoingia. Mtu mwenye ndama watatu anasema ni mmoja, na wawili anawapitisha nyuma ya boma. Mtunza josho, ambaye hajalipwa miezi miwili, anauza kibuyu cha dawa kwa mtu mwenye bomba. Mweka hazina anaona dawa haitoshi, naye anaongeza maji na kunyamaza. Mwezi wa nne ng'ombe wanatoka joshoni wamelowa na kupe wao wako hai. Mkutano unaitwa, watu wanarushiana maneno, na wazee wanasikitika kwamba siku hizi watu maskini hawana uaminifu.

Yafaa tusimame hapo kidogo. Ni nani aliyeliacha josho kwanza? Ni wale jamaa 20. Waliondoka mchana, bila kuvunja sheria yoyote, na risiti ya bomba mfukoni. Hakuna aliyewaita wezi. Bali katika mikutano yetu wao ndio tunaowataja kuwa wakulima wa kisasa, na huenda picha zao zikapigwa kando ya ng'ombe zao. Yule aliyeficha ndama wawili aliitwa mwizi mbele ya watoto wake. Sasa, msomaji, pima matendo haya mawili kwa mizani moja. Kwa ada ya shilingi 20, mmoja ameondoa shilingi 160 kwa juma katika mfuko wa josho, na mwingine ameondoa 40. Wote wawili wameacha mzigo wao kwa jirani. Tofauti iliyopo ni kwamba mmoja alikuwa na uwezo wa kuondoka na mikono safi, na mwenzake hakuwa na njia ya kupunguza mzigo ila kwa hila.

Sisemi kwamba hila ni halali. Mtu aliyeficha ndama atozwe faini kama kanuni inavyosema, na mtunza josho aliyeuza dawa afukuzwe, hata kama ana njaa, kwa kuwa dawa ile ilikuwa ya ng'ombe wa watu wengine wenye njaa vile vile. Wala sisemi kwamba mali huharibu moyo wa mtu. Nimewaona matajiri wakarimu na maskini wachoyo, na kinyume chake pia. Neno langu ni kwamba uaminifu una gharama, na gharama hiyo haiwi sawa kwa watu wote. Kumtaka mwenye ng'ombe wawili awe mwaminifu kwa ada ya shilingi 25, huku akimwona jirani mwenye ng'ombe wanane akilipa sufuri na kusifiwa, ni kumtaka ashinde jaribu ambalo mwenzake hakuwekewa.

Mambo haya hayako joshoni tu. Nenda penye mizani ya maziwa. Chama cha ushirika hulipa mwisho wa mwezi, na pengine baada ya hapo. Mchuuzi mwenye pikipiki hulipa fedha taslimu saa kumi na mbili asubuhi, bei ya chini kidogo. Mwenye lita 60 aweza kungoja mwezi, kwa kuwa ana akiba. Mwenye lita tatu ana mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, basi anampa mchuuzi lita mbili na kupeleka moja chamani. Katika daftari la chama huyu ameandikwa kuwa mwanachama asiye mwaminifu. Lakini kama chama kingemlipa nusu kila juma, nadhani uaminifu wake ungeongezeka bila hotuba. Najua viongozi wa vyama watasema benki haiwalipi wao kila juma. Ni kweli. Lakini mwenye lita tatu ndiye anayekikopesha chama kwa mwezi mzima bila riba, na hilo halisemwi mkutanoni.

Tofauti hizi za mali hazikushuka na mvua. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndio uliowafungulia wakulima wengi Waafrika njia ya kahawa, majani ya chai na ng'ombe wa gredi, na mashamba yaliyotawanyika yakaunganishwa na kupewa hati. Mema hayo tunayala mpaka leo. Lakini mpango ule ule ulisema wazi kwamba wakulima hodari watapata ardhi zaidi na wengine watabaki bila ardhi, nao ukalihesabu jambo hilo kuwa hatua ya kawaida katika maendeleo ya nchi. Vyama vyetu vya ushirika vikajengwa juu ya udongo huo, na kanuni yao ni mwanachama mmoja, kura moja. Ni kanuni nzuri. Ila siku ya mkutano kura ni sawa, na kesho yake asubuhi ndoo si sawa.

Je, basi watu wasio sawa hawawezi kushirikiana? Wanaweza, na mfano mzuri sana nitautoa hapa hapa Kenya, kwa wafugaji wa Orma walioko Tana River. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Jean Ensminger, aliyeishi kwao na kujifunza desturi zao, alicheza nao mchezo wa fedha za kweli, na matokeo yake yalichapishwa katika kitabu cha mwaka 2004 pamoja na ya jamii nyingine nyingi za dunia. Mchezo ulikuwa hivi: watu wachache wanapewa kila mmoja fedha zake. Kila mtu, kwa siri, aweza kutia fedha katika mfuko wa wote. Zilizotiwa mfukoni huongezwa maradufu, kisha hugawanywa sawa kwa wote, hata kwa yule asiyetia senti. Mjanja, kwa hiyo, hatii kitu na hungoja fungu lake. Waorma hawakuhitaji maelezo mengi. Mara moja walisema, "Huu ni mchezo wa harambee." Wakatoa kwa wastani fedha 58 katika kila 100. Na jambo ninalotaka ulishike ni hili: wale wenye mali zaidi walitoa zaidi. Hakuna kanuni ya mchezo iliyowaambia wafanye hivyo. Ilikuwa ni desturi ya harambee kwao, kwamba shule au barabara ikijengwa, mwenye mifugo mingi hutoa kingi. Katika mchezo mwingine ambao haukuwakumbusha harambee, mali ya mtu haikuleta tofauti hiyo.

Linganisha na mchezo mwingine ulioendeshwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ukachapishwa mwaka 2015. Watu zaidi ya 1,400 walicheza kwa njia ya intaneti, wengine wakianza na fedha nyingi, wengine kidogo. Katika makundi fulani kila mchezaji aliweza kuona mali ya majirani zake, na katika makundi mengine haikuonekana. Tofauti ya mali peke yake haikuharibu sana ushirikiano. Pale ilipoonekana ndipo watu walipopunguza kusaidiana, na tofauti ikakaa kwa muda mrefu zaidi.

Twaweza kusema basi tufiche mali? Hasha. Fedha hufichwa, lakini ng'ombe wa gredi hafichiki, wala nyumba ya mawe. Kijijini mali huonekana kila siku. Kisichoonekana ni mchango. Mimi nadhani hapa ndipo Waorma walipotushinda: kwao wingi wa mali ya mtu na wingi wa mchango wake vilitazamwa pamoja. Kwetu twaona ng'ombe wanane wa jirani na hatujui anatoa nini, au twajua kwamba hatoi kitu.

Na harambee yenyewe tuliiharibu katika miaka ya nyuma. Mgeni wa heshima alisimama, akataja maelfu, akapigiwa makofi na vigelegele, huku mjane aliyetoa kuku wake hakutajwa, na yule aliyebeba mawe siku nne hakuandikwa popote. Penginepo michango ilidaiwa kwa lazima. Mambo yalifika mahali ambapo sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ililazimika kuwazuia watumishi hao kutumia vyeo vyao kuchangisha. Mchango wa tajiri ukawa zawadi ya kusifiwa, na mchango wa maskini ukawa kodi. Watu hawawezi kushirikiana vizuri namna hiyo.

Narudi kwenye josho, maana ndipo penye kupe. Maoni yangu ni kwamba kila mwenye ng'ombe katika eneo la josho alipe ada ndogo ya kila mwezi kwa kila kichwa, awe huogesha joshoni au hunyunyiza nyumbani. Anayeogesha alipe na ada ya juma juu yake. Nasikia tayari wenye mabomba wakinung'unika: "Ng'ombe wangu hawashuki joshoni, kwa nini nilipe?" Swali hilo ni la haki na lastahili kujibiwa vizuri.

Ng'ombe wako wanakula nini, bwana? Wamefungwa zizini, nakubali, lakini majani yao hukatwa kando ya barabara na ukingoni mwa mto, pale pale walipopita ng'ombe wa jirani. Kupe huja zizini amepanda juu ya mzigo wa majani. Ng'ombe wa kienyeji mara nyingi huivumilia ndigana kali. Wa gredi mara nyingi hufa. Tena josho lililotiwa maji mengi na dawa kidogo ni shule ya kupe: wale dhaifu hufa, wale wagumu hubaki na kuzaa, na baada ya muda dawa ya aina ile haiwaui tena, hata ukiinunua wewe kwa bei kubwa na kuinyunyiza kwa mkono wako mwenyewe. Josho likifa upande ule wa kilima, hasara kubwa zaidi kwa shilingi huenda ikawa ya mwenye gredi upande huu.

Wengine hudhani chanjo itawaokoa na majirani. Chanjo ya ndigana kali ipo, ilitengenezwa Muguga katika miaka ya 1970, nayo ni nzuri sana. Lakini itazame inavyokuja. Hukaa katika baridi kali ya naitrojeni, na mrija mmoja huwa ni wa ng'ombe kama 40. Ukishayeyushwa ni lazima utumike siku ile ile, la sivyo humwagwa. Mtu mwenye ng'ombe wanane ataufanyia nini mrija wa ng'ombe 40? Ni lazima akawatafute wenye wawili wawili. Na baada ya kuchanja, ndigana baridi na mkojo mwekundu bado vyaletwa na kupe, basi kuogesha hakuishi. Mimi ningependa kila kamati ya josho iwe ndiyo inayokusanya majina ya chanjo, na wale wanaolipa ada ya mwezi wawe wa kwanza katika orodha, awe mtu ana kumi au ana mmoja.

Kwa upande wa asiye na fedha, siungi mkono kusamehewa tu. Aliyesamehewa hunyamaza mkutanoni, na mtu anayenyamaza hawezi kumwuliza mweka hazina swali. Afadhali alipe kwa siku za kazi: kuzoa tope la tangi, kujaza maji, kutengeneza boma. Siku hiyo ihesabiwe kwa ujira ule ule anaolipwa kibarua kijijini, iandikwe kwa jina lake, na jina hilo lisomwe mkutanoni pamoja na ya waliolipa fedha. Bibi aliye peke yake amtume kijana wake, na iandikwe kwa jina la bibi, kwa sababu ng'ombe ni wa bibi. Mahali pengi nimeona kazi kama hizi zikifanywa na watu wale wale kila mara bila kuandikwa, kisha mwisho wa mwaka wanaambiwa wana deni.

Dawa nayo ipimwe na kutiwa mbele ya watu, chupa ikiwa na muhuri wake, na wawili kati ya wanaotazama wawe watu wenye ng'ombe wasiozidi watatu. Kamati nyingi nilizozijua zilijaa watu wa aina moja, wenye nafasi ya kukaa mkutanoni mchana kutwa. Si watu wabaya, ila wengi wao walikuwa tayari wana mabomba nyumbani, na mtu mwenye bomba hashtuki sana josho likikauka.

Mikutano ya mwaka huu ikiitwa, uliza maswali mawili kabla ya uchaguzi: ni ng'ombe wangapi walioko katika eneo letu, na ni wangapi waliolipiwa mwezi uliopita. Kama hakuna anayejua, kazi ianzie hapo. Madaftari mawili yatosha, moja la shilingi na moja la siku za kazi, na la pili laweza kuwa daftari la shule la kurasa 48, mradi litundikwe kwa kamba penye josho ambapo kila mtu aweza kulifungua.